Mwani Ulioonana na Ugonjwa

Kwetu Kathiani maji yana safari yake. Yaliyooshea mboga huoshea sufuria, yaliyooshea sufuria hupewa nguruwe, ya kufulia hunyunyizwa jikoni ili vumbi litulie, na ya kuogea mtoto huishia kwenye mche wa mchungwa. Nikiwa mdogo nilimwaga uani beseni la maji yaliyooshea mchele, kwa sababu niliyaona yamechafuka. Susu, yaani nyanya yangu, hakunichapa. Alisimama akatazama ardhi ikiyanywa, halafu akaniuliza, "Haya, sasa umempa nani?"

Tangu hapo siwezi kuinamisha ndoo bila kulisikia swali hilo. Naanza na maji kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Nilipomaliza darasa la nane nilibaki nyumbani nikisaidia shambani. Kisha mama mmoja wa kanisani kwetu akaja na habari kwamba kuna Madam huko Katelembo anatafuta mtu wa kazi, mtu mtulivu, asiyeguswa na haraka. Mama yangu akacheka. "Mchukue huyu. Hata kuku wetu wana maneno mengi kumliko."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye banda la mwani.

Uwanja ule ulikuwa wa mtu aliyetaka kulima nyanya. Alichimba kisima kirefu, maji yakatoka kwa wingi, lakini yalikuwa ya chumvi. Ng'ombe waliyanusa wakageuka. Nyanya zikaungua majani. Mwenyewe akaondoka, na kisima kikakaa bila mtu wa kukitaka mpaka Madam alipokuja kukitafuta kwa sababu hiyo hiyo ya chumvi. Yeye ni mtoto wa milima yetu ya Kathiani, lakini amesomea mambo ya bahari mpaka mwisho wa masomo. Alikuja na chupa moja ya mwani kutoka pwani.

Si mwani ule mrefu unaolala ufukweni kama nyasi zilizokatwa. Huu kila mmea wake ni chembe moja tu, isiyoonekana kwa macho. Ukiona rangi, ujue chembe zimejaa maji hayo kama nyota. Madam aliuzoesha maji yetu kidogo kidogo. Kwanza aliupa maji ya bahari yenye tone la kisima, kisha matone zaidi, kisha nusu kwa nusu, mpaka mwani ukakubali kuishi kwa maji ya kisima yaliyoongezwa chumvi ya bahari. Kazi hiyo ilimchukua miaka. Aliniambia wazi siku ya kwanza: "Mwani wa aina hii uko kwingine. Lakini uliozoea maji haya ni huu peke yake. Mbegu hii ikifa, tunafunga mlango."

Mwenzangu wa kazi alikuwa mzee kutoka Katangi aliyeangalia pampu. Mdomo wake haukupumzika. Mwani wetu ulikuwa ukipelekwa kwa bwana mmoja wa pwani anayetotoa kamba, wale wa baharini wanaoliwa, kwa sababu watoto wa kamba wakitoka kwenye yai chakula chao cha kwanza ni huo mwani. Mzee hakuchoka kulisema hilo kwa kila mgeni. "Dunia imepinduka. Mkamba wa Ukambani ndiye analisha kamba wa Mombasa." Mimi aliniita Bibi Harusi, kwa vile wageni wakiniuliza jambo nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu.

Lakini nikiwa peke yangu na matangi sikuwa na haya. Yalikuwa ya plastiki angavu, marefu kunishinda, yamepangwa chini ya paa linalopitisha mwanga. Ndani ya kila tangi mrija wa hewa ulikuwa ukitokota maji usiku na mchana. Asubuhi rangi ilikuwa hafifu, jioni ilikuwa nzito kama maji yaliyochemshiwa majani ya kunde. Nilijifunza kuijua afya ya tangi kwa rangi, jinsi mtu anavyomjua mtoto mgonjwa kabla hajalia. Chupa za mbegu zilikaa kwenye rafu ya chumba kidogo cha ndani, na kazi ya kuziongezea maji ilikuwa yangu.

Asubuhi moja nilikuta tangi la kwanza, lile la karibu na mlango, limepauka. Kijani chake kilikuwa kimeingia maziwa. Juu kulikuwa na povu, na banda zima lilikuwa na harufu ya sukuma wiki iliyopikwa ikasahauliwa imefunikwa. Nilimwita Madam kwa kumvuta mkono wa nguo, kwa sababu sauti haikutoka.

Kufikia siku iliyofuata tangi lilikuwa jeupe kabisa. Ungeweza kuuona mkono wako upande wa pili. Mashapo yalikuwa yamelala chini kama unga wa kijivu, na juu yake maji yalikuwa safi kuliko hata yale tunayokunywa.

"Labda ni baridi," Madam alisema. Kulikuwa na baridi kweli juma lile. "Linaanza upya. Tutaliwekea mbegu nyingine baadaye. Haya maji yachujeni na kitambaa, muyagawe kwa matangi mengine. Hayo yana chumvi yetu."

Hakuna aliyepinga. Nani angepinga? Maji safi hivyo, yenye chumvi iliyosafirishwa kutoka mbali, yamwagwe yaende wapi? Mzee alichota, nami nikachuja. Tuliyagawa yote kama uji wa matanga, kila tangi likapata, na chupa za mbegu zikapata pia. Tulibakiza kidogo tu chini ya lile tangi la kwanza, mchanganyiko na mashapo ambao ndoo haikuufikia. Nakumbuka tulijisikia vizuri siku ile. Hatukuwa tumepoteza hata kikombe.

Siku chache baadaye tangi la pili likapauka. Halafu la tatu na la nne kwa pamoja. Harufu ya sukuma wiki ikashika mpaka nguo zetu.

Madam alitoa tone akaliweka chini ya hadubini, akanipisha nitazame. Siku za nyuma alikuwa ameshanionyesha chembe zikiwa hai: duara ndogo za kijani zikizunguka kama watu sokoni. Sasa sikuona ila maganda, na takataka zikielea.

"Zimepasuka," nikasema.

"Zimepasuka kutoka ndani. Nafikiri ni virusi. Lakini kufikiri hakutoshi."

Tulifanya jaribio pamoja. Alichukua maji ya tangi lililokufa akayapitisha kwenye kichujio chenye matundu madogo hata bakteria hawapenyi. Nusu ya maji hayo tulichemsha, nusu tukaacha. Chupa moja ya mbegu ilikuwa bado haijageuka, tukaigawa katika glasi mbili. Glasi moja nikaitilia maji yaliyochemshwa, nyingine yale mabichi. Ile ya maji yaliyochemshwa ilibaki kijani siku zote tulizongoja. Nyingine ilipauka, ikatoa povu, ikawa nyeupe.

Mzee wa pampu aliingiza kichwa. "Kwa hivyo Madam, hata bahari iko na homa?"

"Bahari haijawahi kukosa homa, Mzee. Kijiko kimoja cha maji ya bahari kina virusi vingi kuliko watu wa kaunti hii."

"Basi mimi huko siogi."

"Oga tu. Hivi havina haja na wewe. Kila mwani una virusi vyake, havimjui samaki, havimjui Mzee." Alivuta kiti, na nikaona anasahau huzuni kidogo, kama kawaida yake akianza kufundisha. "Huko baharini mwani wa aina moja ukistawi, ukajaa kila mahali, virusi vyake vinapata njia rahisi. Chembe iko karibu na chembe. Vinaingia, vinazaliana ndani, chembe inapasuka, vinatoka kutafuta jirani. Ule mwani unapungua, mwingine uliobanwa unapata nafasi, na vilivyomwagika kutoka kwa chembe vinakuwa chakula cha bakteria. Bila virusi hivyo, aina moja ya mwani ingekula bahari yote."

"Kumbe ni kama askari wa kanju, wale wa kufukuza wachuuzi," alisema Mzee. "Wanakuja soko likijaa."

"Sasa angalia banda letu. Tumepanda aina moja peke yake, imebanana, kwenye maji yanayozunguka. Tumeviandalia karamu." Nilimwona akiangalia matangi moja baada ya jingine, kutoka mlangoni kwenda ndani, kwa mpangilio ule ule tuliobebea ndoo. "Yale maji," akasema.

Tulielewa sote watatu kwa wakati mmoja.

Madam aligeuza ndoo akaikalia. Nilidhani atalia, na nadhani alikuwa karibu, lakini alichotoa ni kicheko. "Mwanafunzi wangu angefanya hivi ningemfelisha. Maji ya tangi lililokufa hayaendi popote, hilo ni somo la kwanza. Nimelifundisha mwenyewe. Lakini nilipoyaona safi vile nikamwona mama yangu amesimama nyuma yangu na kata."

"Ningeyamwaga mimi ningelaaniwa," Mzee alisema polepole. Hiyo ndiyo mara ya pekee nilimsikia akisema jambo bila kutafuta utani.

Jioni hiyo hata ile glasi iliyobaki kijani ilianza kupauka, maana nayo ilitoka kwenye chupa iliyogawiwa maji yale, na Madam alimpigia simu bwana wa pwani akamweleza ukweli. Bwana yule aliazima kwa wenzake chakula cha wale watoto wa kamba waliokuwa njiani kutotolewa, lakini alitaka kujua kama atupange kwa kundi linalofuata au atafute wengine moja kwa moja. Madam akamwomba muda. Alipokata simu alituambia kwamba Jumatatu tutaosha kila kitu kwa klorini, matangi, mirija, sakafu, na yeye atauliza marafiki zake wa pwani kama wana mbegu. "Itabidi tuanze kuizoesha maji yetu upya. Sijui kama nina miaka hiyo." Mbele yetu hakusema neno "kufunga". Hakuwa na haja.

Nililala nyumbani siku hiyo, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Susu alikuwa uani akipepeta kunde za mbegu. Mwaka ule ugonjwa ulikuwa umepita mashambani, ule wa kukunja majani ya kunde na kuyatia madoa ya njano, na majirani wengi walikuwa wameng'oa shamba zima. Susu hang'oi. Ana vipande vya uzi mwekundu, akipita shambani hufunga kila shina lililosimama katikati ya yaliyonyauka. Kunde za mashina hayo haziliwi. Ndizo mbegu. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza kwa nini asichukue mbegu za shamba la juu, ambako ugonjwa haukufika na kunde zilikuwa nono. Alinijibu, "Zile bado hazijaonana nao. Hii imeonana nao."

Nilimweleza habari za banda. Alisikiliza bila kuacha kupepeta. "Na hakuna hata kimoja kilichosimama?"

"Ni maji, Susu. Hakuna shina."

"Mimi sijui ya bahari. Nauliza tu kama mmeangalia."

Jumatatu nilifika kabla ya Mzee. Madam alikuwa amekwisha kuchanganya klorini kwenye pipa na kuvaa glavu. Akaniambia nianze na tangi la kwanza, kwa kuwa ndilo lililokufa mapema, nilimimine lote kwenye shimo. Nilipiga magoti kulegeza bomba la chini. Mwanga wa asubuhi ulikuwa ukipita upande ule. Kwenye pembe, juu kidogo ya mashapo, mahali ambapo mrija wa hewa ulikuwa umelala, niliona alama. Haikuwa kubwa kuliko kucha. Nilifikiri ni kivuli cha mkono wangu, nikausogeza mkono. Ilibaki pale pale. Ilikuwa kijani.

Mkono wangu ulikuwa kwenye bomba. Madam alikuwa amenipa mgongo, akisugua meza. Kwangu mimi kumwambia mtu mzima "ngoja" ni kazi ngumu kuliko kubeba ndoo kutoka mtoni. Lakini niliona wazi kwamba nikilegeza lile bomba, hakuna atakayejua kilichokuwamo, na mlango utafungwa.

"Madam, usiweke klorini," nikasema. Sauti ilitoka kubwa mpaka Mzee, aliyekuwa ndiyo anafika, akasimama mlangoni. "Kuna zilizoonana nao."

"Zilizoonana na nani?"

Nilimwonyesha. Alipiga magoti kando yangu, glavu zikidondosha klorini kwenye sketi yake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akavua zile glavu, akanawa mara mbili, akaleta bomba jembamba la kunyonyea, akachukua tone kutoka pembeni.

Chini ya hadubini zilikuwa chache. Chembe tatu hapa, moja kule. Lakini zilikuwa nzima, duara, za kijani, zikizunguka.

"Bibi Harusi ameongea," Mzee akanong'ona. "Leo mvua inanyesha."

Madam hakuwa na furaha niliyoitarajia. Alikuwa akifikiri. "Nilijua zinaweza kuwepo," alisema. "Huko baharini huwa zipo. Virusi huingia kwenye chembe kwa kushika mahali fulani juu ya ngozi yake, kama mlango. Kati ya chembe nyingi sana huzaliwa chache zisizo na mlango huo. Virusi vinapiga hodi, havifunguliwi. Nilikuwa na haraka ya kusafisha, sikutaka hata kutazama. Lakini sikilizeni. Tukizitunza hizi, tumevitunza na virusi. Vimo kwenye maji haya haya. Na chembe hizi zikizaana, kila mara huzaliwa chache zenye mlango kama mababu zao. Virusi vitaishi kwa hizo. Havitaisha, na mwani hautaisha. Mbegu ngeni yoyote nikiileta humu itakufa."

"Kwa hivyo ni ndoa," Mzee alisema.

"Ni ujirani. Wa kugombania mpaka kila siku."

"Huo hata sisi tunaujua."

Aliniuliza mimi. Sijui kwa nini aliniuliza mimi. "Wewe ungefanyaje?"

"Ningefunga uzi," nikasema, na ikabidi nimweleze habari ya kunde za Susu, maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia tangu nifike. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunika pipa la klorini.

Tulizihamishia kwenye glasi, glasi ikawa chupa, chupa zikawa kadhaa. Matangi mengine tuliyaosha, maji yake yakaenda shimoni na klorini, na mimi ndiye niliyeyamwaga. Moyoni Susu aliniuliza swali lake kwa kila ndoo. Lakini Madam aliweka akiba mtungi mmoja wa yale maji meupe, akaufunika na kuuweka mbali, bila kutuambia ni wa nini.

Mwani ule mpya ulikuwa mzito wa kukua. Ule wa zamani ungejaza chupa na kuanza kudai nyingine, huu ulikaa tu, hafifu, kama unaowaza. Madam alisema pengine mlango ule uliofungwa ndio uliokuwa ukiingiza chakula pia, na asiye na mlango hula kidogo. Mzee alikata tamaa mara nyingi. Mimi sikukata. Mimi pia naandika polepole, hata ukurasa huu umenichukua siku, na najua kwamba polepole si sawa na kusimama. Kila asubuhi nilisimamisha chupa dhidi ya mwanga, na kila asubuhi kulikuwa na tofauti ndogo ambayo mtu wa haraka asingeiona.

Hatimaye tangi la kwanza likawa kijani tena.

Bwana wa pwani alipiga simu kuuliza. Madam alimwambia asubiri kidogo, kisha akautoa ule mtungi. "Siwezi kumwahidi mtu kitu ambacho sijakijaribu," alisema. "Nusu ya mwani nimeiweka kando kwenye chupa. Lakini kama hili tangi haliwezi kusimama mbele ya maji haya, basi hata zile chupa ni kujidanganya." Akaupeleka mtungi kwangu, si kwa Mzee. "Wewe ndiye uliyeona. Mimina."

Nilipanda kwenye kigoda. Maji yalikuwa safi vile vile, hayana harufu wala alama, maji ambayo mtu yeyote wa kwetu angeyapa kikombe. Niliyamimina taratibu mpaka tone la mwisho, yakaingia kwenye kijani na kutoweka.

Tulisubiri siku zote ambazo ugonjwa ule unahitaji, na nyingine juu yake. Nilikuwa nikifika asubuhi na kunusa kabla ya kutazama. Siku moja povu kidogo lilitokea, nikashika ukingo wa tangi kwa mikono miwili. Lilikuwa limepauka kidogo, kweli, kama mtu aliyeamka na homa. Madam alitazama kwenye hadubini akaona maganda machache, na katikati ya maganda, chembe nyingine zote zikizunguka.

"Zenye mlango zimeondoka," alisema. "Waliobaki ni wenyeji."

Kesho yake rangi ilikuwa imerudi. Jioni ilikuwa nzito kama maji ya kunde. Madam alipiga simu pwani, nasi tukaanza kufunga mifuko ya safari. Mzee alikuwa akiipuliza hewa na kuifunga midomo, huku akisema atawaandikia kamba wa Mombasa kwamba chakula chao sasa kimesomea udaktari.

Mimi nilienda kwenye bomba la tangi la kwanza na uzi mwekundu niliopewa na Susu, nikaufunga mafundo mawili. Mtungi ulikuwa sakafuni, mtupu. Kwa mara ya kwanza nililisikia swali la Susu, "sasa umempa nani?", nikiwa na jibu la kumpa: wenyeji.